Site ya Bure na Mulango ya Bulu

Mulinikasirikia, najua, juu nilikatia hadithi pale kidole ya Séraphin ilikuwa karibu kushuka. Wiki muzima batu balinisimamisha mu njia. Mama mumoja wa kuuzisha beignets alikatala kunipimia, akasema: "Kwanza uniambie. Ule Séraphin alifuta site ya bibi yake ku internet kweli, ao alisita?"

Mama, alifuta. Kidole ilishuka, site ikaenda. Na palepale telephone ya bibi yake, Jocelyne, ikalia.

— Allô?

— Ni pa kwa Mama Mianda? Ya mulango ya bulu, ku Musonoi?

Sauti ya mwanaume, ya polepole, ya mutu mwenye kuchoka.

— Njo pale. Mi ni binti yake. Weye nani?

— Mi Tshimanga.

Jocelyne alikosa kitu ya kushika, akashika bega ya bwana yake.

— Tshimanga... Tshimanga wetu?

— Namba yenu nimeiona sasa hivi, mu site mupya. Mu ile ya zamani niliandika, nikaandika, hamukunijibu ata siku moja. Leo nimeelewa. Mubakie na amani ya Mungu.

Kwaa! Ilikatika. Jocelyne akapiga. Ule mwanamuke wa mu telephone akamujibu na Kifaransa chake kama mutu hapatikani. Akapiga tena, ni yeye tu. Jocelyne akamutukana mwanamuke wa batu bure.

Weye mwenye kuingia leo mu hadithi yetu, sikia mbio-mbio, juu benzako bako na haraka.

Miaka ya refoulement, wakati batu ba asili ya Kasaï balifukuzwa mu Kolwezi, Mama Mianda alilala pa gare ya train na batoto babili. Tshimanga alikuwa na miaka sita. Jocelyne alikuwa ku mugongo. Siku train ilikuya, batu balisukumana, mikono ya batu ikamubeba Tshimanga, ikamutia mu wagon. Mama akabakia inje na mutoto wa mugongo. Train ikaenda.

Alimutafuta Mwene-Ditu, akamutafuta Mbuji-Mayi, akakosa. Kisha hasira ya batu ilipoa, akarudia Musonoi, akahangaika mpaka akapata tena nyumba yake ileile, akapaka mulango rangi ya bulu ileile. Mutoto wa miaka sita hajui adresse. Anajua mulango.

Sasa nyumba ile inaangushwa leo. Carrière, shimo ya madini ya kampuni, ilisogea, bibambazi bya nyumba bilipasuka, majirani bote balishahamishwa. Mama Mianda peke yake anakatala. Anasema atatoka siku Tshimanga atajua fasi mama yake anaenda. Njo juu ya ile Jocelyne alitengeneza site, na picha ya mulango, na maneno: *Tshimanga, tuko hapa.*

Aliitengeneza yeye mwenyewe, ku telephone, na moja ya ile mitambo ya bure: unavuta picha na kidole, unatia maneno, imeisha. Na bwana yake Séraphin anatengenezaka site za batu tangu ujana wake, mpaka Lubumbashi banamuita! Sasa ungalia namna babili banagombana mu bureau yake ya kazi ya centre-ville, katikati ya muji.

— Umemupoteza kaka yangu mara ya pili!

— Mi? Site yako ilikuwa kaburi, Mama Fidélie. Mi nilizika tu. Haina namba ya telephone! Ku chini kulibakia picha ya ule mutambo, ya bazungu banakula salade! Mama yako wapi, na salade wapi?

— Lakini ilikuwa kule! Weye kila siku: "Kesho, Mama Fidélie, kesho, client anangojea." Hoteli ilipata site. Église ilipata site. Ata mutu wa kuuzisha matelas ya kulalia alipata site! Mama yangu njo alingojea.

Fidélie ni mutoto wao wa kwanza, njo banaitana hivyo. Na mara hii Papa Fidélie alijua ni kweli. Ile site mupya yenye namba kubwa pa juu, aliitengeneza asubuyi ile, tena na hasira, kisha bibi yake kulia.

— Anasema aliandika, — Jocelyne akaendelea. — Aliandika wapi? Kila asubuyi nilifungula ile site. Nilingalia yote. Hakuna neno!

— Ulingalia wapi?

— Pa uso yake, si pale!

— Mama yangu ee! Message haikuyaka pa uso! Inaingiaka ku boîte, sanduku ya nyuma, mu chambre, chumba ya mwenye site. Hukuingia kule ata siku moja?

— Chambre gani? Nani aliniambia kuko chambre? Bao ba mutambo banasema: weye mwenyewe, mbio-mbio, hakuna lazima ya fundi! Habakusema kuko chambre!

Séraphin alishika kichwa. Jocelyne akamuangalia. Akakunja mikono.

— Na weye fundi. Mbele ya kufuta, uliingia mu ile chambre?

Séraphin akageukia machine yake, kompyuta.

— Papa Fidélie, nakuuliza.

— Hapana.

Basi njo vile. Mumoja hakujua sanduku iko. Mwengine, fundi mukubwa, mwenye kujua sanduku iko, aliitupa bila kuifungula, juu ya dharau tu. Mi mwenye kuwaambia hadithi hii, hapa nilisimama nikakunywa maji.

— Ngojea! — Séraphin alirukia machine. — Site ya kufuta inalalaka kwanza mu corbeille, kopo ya takataka. Ku telephone haionekani, lakini ku ordinateur tunaweza kuitosha mule. Tia mot de passe, neno yako ya siri.

Jocelyne akatia. Machine ikajibu: *Tumetuma code ku namba yako.*

— Haya, code. Telephone yako iko wapi?

— Haitakuya ku telephone yangu.

— Inakuya ku ya nani?

Jocelyne akasema polepole:

— Ya Mama.

Musicheke. Ni nani kati yetu hajafanya vile? Mu famille yetu carte SIM zinabadilika kama chemise. Leo réseau hii, kesho ingine, kesho kutwa telephone imeibiwa pa soko. Namba ya Mama njo haibadiliki. Bank, masomo ya batoto, hôpital, yote tunaandikaka namba ya Mama. Na Mama Mianda yake hataiachia ata kufa, juu alimupa ile namba kila mutu wa Kasaï anapanda train: "Ukimuona mutoto wangu, umupe hii." Njo Jocelyne, siku anafungula site yake ya bure, akaandika namba ya Mama.

Na Mama alijifungia nyuma ya mulango ya bulu, bulldozer pa mbele.

Jocelyne akamupigia. Hakutaka kumuambia habari ya Tshimanga ku telephone. Baongo babili balishakuya mbele, balisema "njo mi", na kila mara Mama alilala mugonjwa.

— Mama, uko muzuri?

— Muzuri kabisa! Jocelyne, leo nilibaonyesha! Asubuyi kampuni ilinitumia mutu. Anavaa veste, koti ya heshima, soulier inangaa ku miguu, anapiga hodi na adabu kama mutu anakuya kuoa. "Mama, unifungulie, Mama." Mi na dirisha tu! Nilimumwangia maji ya masahani, yote, na majani ya sombe ya jana ndani! Alibakia anasimama. Akaenda!

Mama alicheka mpaka akakohoa. Jocelyne, ata na machozi ku macho, alicheka naye.

— Mama, kuko message iliingia sasa. Iko na namba. Unisomee.

— Iliingia. Sikusomei.

— Mama!

— Ku radio banaimba kila siku: mutu akikuomba code, ni mwizi. Mukristo mumoja wa église yetu alisoma code, kila kitu yake ikaenda.

— Lakini ni mi! Jocelyne!

— Ata mwizi atasema ni Jocelyne. Ukuye nione uso yako.

Akakata. Jocelyne alipiga meza na mukono. Kila mulango anagusa, iko na ufunguo kwa mutu mwengine.

Séraphin alitia machine mu sac. Pa inje kulikuwa Kisimba, motard wao wa siku zote, na moto yake, pikipiki. Balipanda batatu, balikimbia.

Musonoi ya leo si Musonoi mulijua. Nyumba zililala chini, matofali fasi ya batu. Nyumba moja tu ilisimama, imepasuka kama sahani ya kuangushwa, na mulango yake ya bulu. Pa mbele bulldozer. Pa kivuli ya bulldozer, Tata Mukalay, chauffeur mwenye kuiendesha, anakula mukate.

— Mi si mutu mubaya, — Mukalay alisema mbele ya salamu. — Nilibaambia bakubwa: mama akiwa ndani, sigusi. Akitoka na mulango ikibakia wazi, natumika kazi yangu, naangusha. Njo ordre, amri yao. Lakini banapiga telephone kila mara, bananitukana mi. Mumuombe mama yenu.

Jocelyne alipiga hodi. Mulango ikafunguka kidogo, mukono ikatoka, ikamuvuta ndani kama mbuzi, mulango ikafungwa tena.

Séraphin akabakia inje. Hakusogea.

Weye wa kuuliza juu ya nini, wazazi bako habakukufundisha. Bukwe, ndugu yangu! Mukwe mwanaume haingii fasi mama mukwe anaikala. Hamuangalii uso, hakuli mbele yake. Mama mukwe akipita mu njia, mukwe anaingia mu majani. Mpaka siku mutu analeta mbuzi ya kutosha haya, ya kuiondoa, na bazee banakunywa, njo banaweza kusalimiana. Séraphin alikuwa anasema ile mbuzi kila mwaka. "Kesho," alisema. Munamujua.

Akafungula machine pale inje, juu ya matofali. Ikawaka kidogo, ikazimika. Batterie ilikufa. Courant ya umeme ilikatwa mu quartier muzima. Fasi moja tu ilibakia: panneau ya jua ya Mama Mianda ku toiture, juu ya nyumba, na prise yake ya kuchomeka ndani ya nyumba, pa pembeni ya kiti ya Mama.

— Mama Fidélie! — aliita pa dirisha, kichwa chini. — Kamata machine. Chomeka. Mi nitakuambia ya kufanya.

Sasa njo pale niliwaonea huruma. Ndani Jocelyne na machine, fundi inje nyuma ya kibambazi, na bulldozer inapiga moshi.

— Unaona nini?

— Bitu mingi!

— Ku kushoto, chini, kuko picha ya kopo ya takataka.

— Kuko picha tatu! Zote zinafanana!

— Ile ya chini!

— Chini ya nini?

— Chini, Mama Fidélie! Chini ni chini!

— Usinipigie kelele! Code imepita wakati, inaomba ingine!

— Uombe ingine!

— Nimeomba! Réseau imeenda!

— Nyanyua telephone ku dirisha!

— Imerudia! Nimetia! Sasa nimebonyeza ile kopo. Inaniuliza kitu: *Supprimer définitivement?* Nifanye oui?

— HAPANAAA!

Mukalay aliangusha mukate. Kelele ile, nasema, ilifika mpaka carrière ya Mashamba, bacreuseurs, bachimbaji ba madini, balitosha vichwa mu mashimo.

Ndani, kidole ya Jocelyne ilikuwa juu ya *oui*, ndiyo ya kufuta yote milele, karibu kugusa. Akaitosha polepole na mukono ingine, akaanza kulia, kulia ya mutu alishindwa na kitu kidogo.

— Nimechoka! Nimechoka na hii kitu! Ni kaka yangu iko humu ndani, na mi sijui kufungula!

Mama Mianda alisimama.

— Ulisema nini? Nani iko ndani?

Basi Jocelyne akamuambia yote. Sauti ku telephone. Jina. Site. Boîte. Mama alisikiliza bila kusema. Kisha alikamata pagne, akajifunika kichwa muzima, akageuka uso ku kibambazi, akaita na sauti yenye Séraphin hajasikia mbele:

— Séraphin! Ingia.

Inje, mukwe akasogea mbali na mulango.

— Mama Fidélie, umuambie Mama siwezi.

— Unaweza! — Mama akajibu yeye mwenyewe. — Ile haya ya bukwe tutaizungumuza kisha, na mbuzi. Leo mi sina mbuzi na weye huna mbuzi. Ingia, mutoto wangu!

Séraphin akaingia kinyume-nyume, mugongo mbele, kama mutu anatosha sanduku kubwa mu nyumba. Aligonga meza. Akaikala na uso ku machine tu, ilikuwa inaomba code ingine. Nyuma yake, mama mukwe na uso ku kibambazi. Kati yao Jocelyne.

— Code, — Séraphin alisema, na heshima yote, ku machine.

Na Mama akaisoma, ku kibambazi, namba moja-moja, na sauti ya mutu anatangaza wimbo mu misa.

Bidole bya Séraphin bilianza kutembea. Ah, fundi ni fundi! Hapa, pale, kopo, *Restaurer*. Ile site mubaya ikarudia, na bazungu bake na salade yao. Jocelyne alibapenda siku ile. Séraphin akapita nyuma, akapita chambre ingine, akabonyeza.

Boîte ikafunguka. Ilikuwa imejaa.

— Usome, — Mama alisema.

Jocelyne akasoma ya kwanza.

*Mi ni Tshimanga. Mama wa Mwene-Ditu mwenye kunikomalisha, kunilea tangu utoto, aliniambiaka mama yangu alikufa pa gare. Juzi niliona mulango yenu ku telephone ya mutu. Kama njo ile mulango, nyuma ya nyumba kuko bomba ya maji yenye kupinda. Nilivunja jino pale.*

— Jino! — Mama akapiga kibambazi na mukono. — Jino ya mbele! Sikumuambia mutu ile! Ata ku baongo babili! Maweja wangu, Mungu wangu! Njo yeye! Usome, Jocelyne, usome!

*Mama iko muzima? Munijibu.*

*Labda hamuna unités ya telephone. Nangojea.*

*Mama, kama unasoma hii: mi sikuachia mukono yako. Balinivuta.*

Jocelyne alishindwa. Séraphin akakamata kusoma fasi yake. Nyuma, pagne ya Mama ilikuwa inatikisika. Hakuna mutu alisema neno ya bukwe.

*Nilielewa mulinichoka. Lakini nitajaribu mara ya mwisho.*

Ya mwisho ilikuwa ya jana. Séraphin aliisoma kwanza na macho tu.

— Mukwe, — Mama alisema, — usinifiche.

Akasoma.

*Kesho asubuyi nafika Kolwezi na bus. Nitapiga hodi pa mulango ya bulu. Nitavaa veste ya marron, rangi ya kahawa, ya tata mwenye kunikomalisha, juu Mama asinione kama mutu wa barabara. Ukinifungulia, nitaingia. Ukinikatala, nitarudia na bus ileile, sitawasumbua tena. Lakini siku moja nikikuta mulango wazi, sitapiga hodi. Nitaingia tu, kama mutoto wa nyumba.*



— Marron, — Mama akasema.

Jocelyne alifungula dirisha.

— Tata Mukalay! Mutu wa veste, wa asubuyi! Ni nyinyi mulimutuma?

— Siye? — Mukalay alishangaa. — Siye hatuvaaki veste hapa! Nilifikiri ni ndugu yenu. Niliona huruma, alilowana mpaka ku mashati.

Mama Mianda aliangalia beseni ya masahani. Ilikuwa ingali pale pa dirisha, tupu.

— Nilimumwangia maji, — alisema. — Mutoto aliniita Mama. Aliniita mara bili, Jocelyne. Na mi nilicheka.

Alitosha pagne ku kichwa. Akageuka, akamuangalia mukwe yake uso kwa uso, mara ya kwanza tangu ndoa, na Séraphin akasahau kuinamisha macho.

— Bus ya Mwene-Ditu inatokaka wapi?

— Pa parking, Mama. Ku ngambo ya soko.

— Twende.

Na yeye mwenyewe, yule mama mwenye bakubwa balishindwa kumutosha na barua, na fimbo ya polisi, na maneno matamu, akafungula mulango ya bulu mpaka mwisho, akatoka. Hakubeba sufuria. Hakubeba ata souliers. Séraphin akaachia machine juu ya meza inawaka, yeye mwenye kubebaka ile machine mpaka ku kitanda.

Kisimba akawasha moto yake. Lakini moto ni moja, na batu ni batatu bila Kisimba. Jocelyne anakaa ku mwisho. Séraphin iko mbele, nyuma ya Kisimba. Kati yao kunabakia fasi moja, mama mukwe kifua ku mugongo ya mukwe. Ata Kisimba aliangalia pembeni.

Mama akapanda. Akakamata kiuno ya Séraphin na mikono yote bili.

— Mama! — Mukalay aliita. — Na nyumba?

— Uikamate! Mi nilikuwa nachunga mulango juu ya mutu. Mutu anaenda na bus!

Moto ikaruka mu vumbi, ikapita njia kubwa ya ku soko.

Mukalay akabakia. Telephone yake ikalia, mukubwa anatukana. "Ametoka, chef. Mwenyewe. Ndiyo, wazi." Lakini Mukalay ni mutu wa dini. Alienda mpaka pa mulango, akatia kichwa, akaita: "Kuko mutu?" Hakuna mutu alijibu. Akazunguka na bulldozer, akaenda kuanzia nyuma, upande ya cuisine, jiko, pale pa bomba ya kupinda, juu pale kibambazi iko mubovu zaidi.

Wakati ule, ku njia ndogo ya nyuma ya chapelle, kanisa ndogo ya mbali kidogo, fasi moto haipitaki, mwanaume alikuwa anakuya na miguu. Veste ya marron. Haijakauka ku mabega. Ku kola kulibakia jani ya sombe.

Bus yake ilikuwa ingali inajaza batu. Alirudia juu ya kitu moja tu, picha ya mulango, ya kubeba Mwene-Ditu. Alikuwa na telephone mu mukono, ile yenye kuzimika asubuyi, alishaichaji kidogo pa parking.

Akainua telephone. Akaishusha.

Mulango ilikuwa wazi.

Alisimama. Alipanguza uso. Kulikuwa kelele ya machine nyuma ya nyumba, lakini Musonoi, kelele ya machine inaisha saa ngapi? Hakuisikiliza. Hakupiga hodi.

Akaingia.

— Mama?

Hakuna mutu. Kiti, na beseni. Juu ya meza, ordinateur inawaka, na mu ordinateur maneno yake yeye mwenyewe, yote, ya kwanza mpaka ya mwisho, yamefunguliwa. Balisoma! Tshimanga akavuta kiti ya Mama, akaikala, akaweka mikono ku uso, akaanza kulia na kucheka.

Nyuma ya kibambazi, Mukalay alifanya alama ya musalaba, akainua pelle, koleo ya bulldozer, akasukuma.